Picha ya Darasani Ina Wenyewe



Mwanagenzi anapokwenda mazoezi ya kufundisha, simu huenda naye. Kipindi chake cha kwanza kikifana, picha ya darasa huwa mtandaoni kabla ya kengele ya mapumziko. Lakini watoto hao wana wazazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini yao kwanza. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Kuifuta baadaye hakutoshi. Aliyeiona huenda ameshaihifadhi. Basi mwalimu aonyeshe ubao wake, au chati alizochora. Kazi yake itaonekana, na mtoto wa mwenzake atabaki salama.