Mwanao Anapokwenda Kuishi kwa Watu

Mpango wa YES wa serikali ya Marekani, ulioanzishwa 2002, umekuwa ukipeleka huko wanafunzi wa sekondari, wakiwemo Watanzania, wakaishi na familia za wenyeji mwaka mzima wa shule. Familia hizo hazilipwi.

Mzazi, fahamu: kanuni za huko zinataka watu wazima wa nyumba atakayoishi mwanao wachunguzwe rekodi za jinai, na mratibu wa mpango awasiliane na mwanafunzi kila mwezi.

Mwanafunzi, huenda ukakuta mbwa sebuleni na zamu ya kuosha vyombo, hata kwa wavulana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Eleza mapema usichokula na saa za swala. Ukinyanyaswa, usinyamaze, mpigie mratibu.