Tulipie Jino Kabla Halijauma

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wananchi, katika mkutano wa kata)

Nawashukuru kwa kuziacha shughuli za shambani na baharini ili tukutane hapa. Leo nazungumzia jambo tusilolitaja mara nyingi katika mikutano yetu: matibabu ya meno, na nani anayeyagharimia.

Nitaanza mbali kidogo, kisha tutarejea Kilindoni. Nchini Marekani kampuni na mifuko ya bima ya meno ina chama chake cha kitaifa, nacho huitisha mkutano mkuu kila mwaka. Biashara hiyo, ambayo leo ni kubwa, chimbuko lake lilikuwa bandarini. Mwaka 1954 chama cha wafanyakazi wa bandari za pwani ya magharibi kilikubaliana na waajiri kwamba fedha za mfuko wao zitumike kutibu meno ya watoto wa wafanyakazi hao. Madaktari wa meno wa Washington, Oregon na California wakaunda mashirika ya kutoa huduma hiyo. Watu wa bahari, kama sisi, ndio waliotangulia kudai kwamba jino la mtoto lihesabiwe kuwa sehemu ya afya yake.

Lipo funzo katika namna bima hizo zinavyolipa. Katika mipango mingi ya huko, uchunguzi na usafishaji wa meno hulipiwa kwa ukamilifu; kuziba jino hulipiwa takriban asilimia 80; na kazi kubwa, kama meno bandia, takriban asilimia 50 tu. Tena huwekwa kikomo cha malipo kwa mwaka. Hawafanyi hivyo kwa ukarimu. Wamepiga hesabu, wakaona kuwa jino zima ni rahisi kulitunza kuliko jino bovu kulitibu.

Hesabu hiyo si ngeni kwetu. Nahodha hangoji jahazi lijae maji ndipo akalafati. Huliegesha, akazikagua mbao zake, akaziba nyufa na kupaka sifa lingali zima. Jino nalo ni vivyo hivyo. Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari tunayokula kuwa tindikali, nayo tindikali hula gamba gumu la jino kidogo kidogo. Katika hatua hiyo hakuna maumivu. Tundu likiwa dogo, huzibwa kwa muda mfupi. Likifika kwenye mshipa wa fahamu, usingizi hukatika, na mara nyingi mgonjwa hufika kwa daktari akiwa na ombi moja tu: ling'oeni. Jino la utu uzima likishang'olewa halioti tena.

Ndugu wananchi, kwa mkazi wa Mafia gharama haiishii kwenye dirisha la malipo. Mtu wa Chole au Juani huvuka kwanza kwa boti, kisha hutafuta usafiri hadi Kilindoni. Akihitaji matibabu ya juu zaidi, hupanda kivuko hadi Nyamisati na kuendelea na safari barabarani. Kadi ya bima humpunguzia gharama ya tiba; haimrudishii siku za kazi alizozipoteza. Kwa hiyo kuchelewa hutugharimu sisi kuliko kunavyomgharimu mtu anayeishi jirani na hospitali kubwa.

Nchini mwetu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 kwa kuwahudumia watumishi wa umma, ambao huchangia asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri asilimia 3. Mwaka 2018 ulianza mpango ulioboreshwa wa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambapo kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ili mvuvi na mkulima nao wawe ndani ya bima.

Nayasikia manung'uniko ya wanaosema walichangia, kisha wakaambiwa huduma waliyoifuata haimo. Dawa ya manung'uniko hayo ni kuuliza mapema. Kila bima ina kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma inazozilipia, na kitita hubadilika. Kitita kipya cha Mfuko wa Taifa kilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi hazikukubaliana na bei zake, zikasitisha kwa muda kuwapokea wanachama. Basi kabla ya kulipa mchango, ulizeni mambo matatu. Je, kuziba jino kumo, au ni kung'oa tu? Je, ni kituo kipi kinachoipokea kadi hii? Je, nikipewa rufaa ya kuvuka bahari, kadi itatambuliwa huko niendako? Kuuliza si utovu wa adabu; ni haki ya anayechangia.

Yapo pia yasiyohitaji kadi. Tupige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, hasa kabla ya kulala. Tuwapunguzie watoto pipi na soda. Na wazazi, mtoto afikapo miaka 6 hivi, mchungulieni kinywani, nyuma kabisa ya meno ya utoto. Hapo huota gego la kudumu. Wengi hulidhania kuwa la utoto, wakaliacha lioze wakitumaini kuwa litaota jingine.

Ombi langu kwenu ni hili: kila kaya ichague siku moja katika mwaka ya kukaguliwa meno, hata kama hakuna anayeumwa. Anayekwenda Kilindoni kwa shughuli nyingine aiunganishe safari hiyo na ukaguzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa jino, ukuta huo haujengeki.