Pima Kwanza, Spea Baadaye

Leo nataka tuzungumzie ugonjwa mmoja wa magari unaowamalizia watu fedha hapa mjini. Gari linakwenda vizuri barabarani, lakini ukisimama kwenye taa za Morocco au ukinasa katika foleni ya Mwenge, usukani unacheza, kioo cha ndani kinatikisika, na abiria anakutazama kwa jicho la wasiwasi. Ukikanyaga mafuta, mtetemeko unapungua. Mafundi wanasema gari halikai sailensa.

Mwenye gari atakwenda gereji, na kabla boneti haijafunguliwa vizuri atakuwa ameandikiwa orodha ya spea za kununua Gerezani. Plagi nne, mauntingi, pengine na pampu ya petroli. Yuko dereva wa teksi wa Ilala aliyebadilisha vyote hivyo, kimoja baada ya kingine, huku hesabu ya bosi ikimsubiri kila jioni. Gari likaendelea kutetemeka. Mwisho ulionekana mpira mmoja wa hewa, umepasuka nyuma ya injini, kitu cha bei ndogo kabisa. Zile spea za mwanzo duka halikuzipokea.

Sina ugomvi na mafundi. Wengi wamejifunza kazi chini ya mwembe na wanaijua. Ugomvi wangu ni na tabia ya kubuni kwa fedha ya mtu mwingine.

Injini ya silinda nne, gari likiwa limesimama, huzunguka kiasi cha mara 700 kwa dakika. Kila silinda inapaswa kuwaka mara 350 katika dakika hiyo, yaani karibu mara sita kwa sekunde. Moja ikikataa, tatu zilizobaki zinaiburuta, na gari zima linasikia. Ukikimbia, mizunguko inakuwa mingi na lile pengo halisikiki sana.

Swali la kwanza basi ni hili: je, injini inamisi, au inawaka sawasawa ila mtetemo wake unapita hadi kwenye bodi? Kwa gari la otomatiki, vuta hendibreki, kanyaga breki barabara, weka D, kisha rudisha N. Likitulia kabisa kwenye N, shuku mauntingi, yaani zile raba zinazoibeba injini. Halafu nenda nyuma usikilize bomba la moshi. Mlio ukiwa wa mfululizo, injini huenda ni nzima. Ukiwa unaruka-ruka kama mtu mwenye kwikwi, inamisi.

Sasa itafutwe silinda mgonjwa. Katika magari yenye koili juu ya kila plagi, fundi azime injini, achomoe soketi ya koili moja, awashe tena. Gari likizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Lisipobadilika, mgonjwa ni huyo. Basi koili yake ihamishiwe kwa jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nunua koili moja, si nne. Usipohama, ihamishwe plagi kwa namna hiyo hiyo. Hadi hapo hujanunua hata skrubu. Ila asichomoe koili injini ikiwaka, maana umeme wake unapita volti 10,000.

Plagi yenyewe nayo ina habari zake. Ikitoka na masizi meusi makavu, petroli inaingia kupita kiasi au cheche ni dhaifu. Ikitoka imelowa oili, kuna oili inayopenya, na plagi mpya italowa vilevile.

Kama koili na plagi ni nzima, ndipo utafutwe mpira wa hewa. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe karibu na mipira ya injini, mbali na feni na mikanda. Mahali pa kuvuja patasikika pakifyonza. Throto nayo isafishwe, kwani ikiziba masizi hewa ya sailensa haitoshi. Nozeli zina zamu yake. Kompresha ya silinda ikipimwa na kukutwa chini, hapo kazi ni kubwa, huenda vali imeungua. Lakini hata hilo ni afadhali ulijue kabla hujanunua plagi.

Wapo wanaokimbilia kulaumu petroli. Ni kweli, uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulisumbua sana, hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Lakini petroli mbaya haichagui silinda moja. Ikiwa mgonjwa ni mmoja tu, kituo cha mafuta ukiache kwanza.

Na jambo moja halingoji mshahara. Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka na kuzima mfululizo huku gari likitetemeka, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi. Masega hupata moto hata yakawa mekundu, yakayeyuka, na bei yake si ya koili. Ukiiona taa hiyo, punguza mwendo, egesha mahali pasipo na majani makavu, umwite fundi aje ulipo.