Matengo ya Ngalawa

Sisi wa Makomeno na Lubumbashi yote tuko mbali na bahari, lakini leo tujifunze neno moja la wavuvi wa Zanzibar: matengo.

Ngalawa ni mtumbwi mwembamba uliochongwa katika gogo, mara nyingi la mwembe. Ukiwekwa tanga tu, upepo wa kando unaupindua. Kwa hiyo wavuvi wanalaza miti miwili juu yake, na kwenye ncha zake wanafunga mbao, upande wa kuume na wa kushoto. Hayo ndiyo matengo. Hayabebi samaki, hayasukumi chombo. Ngalawa ikiinama, ubao wa upande ule unakanyaga maji na kuizuia.

Mhubiri 4:9-10 inatufundisha jambo hilo hilo. Wengi wetu tuna tanga kubwa: tunaomba, tunafunga, tunaimba. Lakini kandoni hakuna mtu. Mshahara ukikosekana miezi mitatu, kilio kikiingia nyumbani, tunainama peke yetu, na Siku ya Mungu tunajibu, “Tuko salama.”

Tena matengo hufungwa pwani, mbele ya safari. Katikati ya mawimbi kamba haifungiki.

Basi juma hili tutafute ndugu wawili wa kuambiana ukweli. Na yule ambaye hatujamwona kanisani majuma mawili, twende kwake. Tusipeleke mahubiri, tukae naye. Sisi pia ni tengo la mtu.

Mungu awabariki. Amina.