Maneno juu ya Madeni: Je, Kosa ni la Mkopaji?

(Yalisemwa barazani Sindeni, wilaya ya Handeni)



Tumeombwa tunene juu ya madeni, maana hakuna kitongoji kisicho na mtu anayezunguka njia ya mbali ili asionane na mwenye kumdai. Wengine husema, Mwenye deni ni mpumbavu, nani alimlazimisha kutia dole gumba? Neno hili twalisikia hata vinywani mwa wasomi. Sisi hatulikubali lote, wala hatulikatai lote.

Yafaa kwanza kutazama ni wakati gani mtu hukopa. Mkulima wa huku hukopa mwezi wa Machi, mahindi yamekwisha ghalani, masika yanakaribia, naye hana mbegu wala chakula cha watoto. Mwenye fedha humpa, tuseme, shilingi 30,000, kwa ahadi ya gunia moja wakati wa mavuno. Hata Agosti ikifika, ikiwa gunia lile lauzwa shilingi 60,000, basi amelipa mara mbili katika miezi mitano. Na gunia likiwa lumbesa, amelipa zaidi ya hapo. Sasa pigeni hesabu kwa kipimo cha serikali. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 30,000, miezi mitano, riba haizidi shilingi 5,250. Mkulima wetu ametoa 30,000. Lakini kwa kuwa alilipa mahindi, hakuna aliyeiita riba. Huitwa msaada.

Kumwita mtu huyo mpumbavu ni aibu, na sisi watu wa Uzigua twapaswa kuwa wa mwisho kulitamka neno hilo. Katika miaka ya 1830 njaa kuu iliishika nchi hii. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wengine wakajiweka rehani wao na watoto wao ili wapate kula. Wengi walivushwa Unguja, na wengine wakafika hata Usomali, kando ya mto Juba. Huko wajukuu wao walikihifadhi Kizigua, na vita ilipozuka Usomali mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia huku. Wako Chogo, katika wilaya hii hii. Nani kati yetu atakwenda Chogo akawaambie kwamba babu zao walikopa bila akili?

Lakini tusijidanganye. Yuko na yule akopaye kwa sare za harusi na maturubai, na yule achukuaye mkopo wa simu usiku ili asubuhi alipe wa VICOBA. Huyo ana kosa, twasema wazi, hata akiwa ndugu yetu. Ila naye hutegwa. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha kwa simu zisizo na idhini. Wakopeshaji wengine wa namna hiyo huwapelekea jamaa na majirani habari za deni la mtu, wapate kumwaibisha. Na ile mikopo iitwayo kausha damu, twajua jinsi inavyowatesa kina mama: hulipwa kila siku au kila juma, na siku ikipita, godoro na masufuria huchukuliwa mbele ya watoto.

Halmashauri nazo hukopesha vikundi bila riba, kwa asilimia 10 ya mapato yao: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ni jambo jema, lakini kikundi hakiundwi kwa siku moja, na mwenye njaa ya leo haimfikii.

Kwa hiyo twawaomba wenyeviti wa vitongoji jambo moja: ahadi za gunia ziandikwe mbele yenu, kiasi kilichotolewa na kipimo cha gunia, kabla ya fedha kupokelewa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji awe na leseni. Muulizeni, naye asikasirike.

Walimu nao wamekubali kuketi siku ya gulio, tangu saa tisa, chini ya mwembe wa shule. Mwenye karatasi ya mkopo na ailete isomwe, nayo isomwe yote, hata maandishi madogo ya chini, kabla hajatia dole gumba.