MAJI NI YA MUNGU, BOMBA NI LETU
(Hotuba ya Katibu wa Tawi kwa wanachama)



Wazee mnakumbuka kuwa mwaka 1971 Serikali iliweka mpango wa miaka 20, ili ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Lilikuwa azimio jema. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa, maji yakatolewa bure. Lakini 1991 ilipofika, wengi walikuwa bado wakichota mitoni. Pampu nyingi zilinyamaza kwa kukosa dizeli na vipuri, na kijiji kilikaa kikingoja, kwa kuwa bomba lilihesabiwa la Serikali.

Somo hilo hatukulipata kwa bei rahisi. Sera ya Maji ya 2002 ikasema watumiaji wachangie gharama za kuendesha mradi wao. Sheria Na. 5 ya 2019 ikaunda Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, na huku kwetu ikaweka chombo cha maji cha wananchi wenyewe. Chombo hicho ndicho kinachowasha pampu, kutia dawa ya kuua vijidudu, kuziba bomba lililopasuka, kulinda chanzo na kukusanya fedha za ndoo.

Basi, ndugu zangu, tunayo kazi tatu.

Ya kwanza ni kulipa. Wapo wasemao maji ni ya Mungu. Ni kweli, lakini bomba halikushuka pamoja na mvua. Anayechota bila kulipa anamwibia jirani yake.

Ya pili ni kulinda chanzo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Tusidanganyane: wanaovunja sheria hii wamo hata miongoni mwetu wenye kadi. Kadi ya chama si ruhusa ya kukausha kisima cha watu.

Ya tatu ni kuuliza, na hii ndiyo ngumu. Fedha ya ndoo imetoka mkononi mwa mama aliyeamka alfajiri. Ana haki ya kusikia, katika mkutano wa hadhara, zimeingia shilingi ngapi, zimetoka ngapi, na zimenunua nini. Kiongozi anayekasirika akiulizwa hesabu, tumtilie shaka; na akiwa mwanachama mwenzetu, chama kisimfiche. Tukimficha yeye, tutakuwa tumekificha kisima kizima. Na tunapochagua kamati, tuwachague akina mama. Wao ndio wajuao bomba limekauka siku ngapi; mahali pao ni mezani penye daftari, si jikoni kuchemsha chai ya mkutano.

Mradi wa mwaka 1971 ulikufa hali tukitazama. Huu wa leo ukifa, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Uhuru na Kazi!