Ubadilishanaji wa Muda na Huduma za Umma: Hoja kutoka Kisugu, Kampala



Nimeombwa nianze na maana, nami nitapita haraka kwa kuwa kila aliyemo humu anaijua. Benki ya muda ni akiba ya saa: ukimsaidia jirani saa moja unaandikiwa saa moja, na saa ya fundi ni sawa na saa ya dobi. Teruko Mizushima aliuanza utaratibu huu Japani mwaka 1973; Edgar Cahn akaueneza Marekani kuanzia miaka ya 1980. Sisi Uganda tuna bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa manufaa ya wote, ambayo Ufalme wa Buganda huiadhimisha kila tarehe 8 Oktoba. Rwanda wana umuganda, kazi ya namna hiyohiyo, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa sheria.

Linalonikera ni jingine. Majirani wakipeana saa, hesabu hulingana: huyu amelea mtoto, yule amesuka nywele. Mambo huharibika saa inapotolewa kwa ofisi ya umma. Mkazi wa Kisugu akizibua mtaro unaoteremka kuelekea mfereji wa Nakivubo, anamdai nani? Ndivyo ilivyo pia kwa Timu za Afya za Vijiji, yaani VHT, zilizoanzishwa 2001 kwa msingi wa kujitolea. Wanachama wake hupita nyumba kwa nyumba wakihimiza chanjo na kuwaelekeza wajawazito kituoni. Saa zao huingia serikalini, hazitoki. Mama muuza mboga akitoa asubuhi yake, kibanda kimefungwa, na mwenye nyumba hapokei shukrani badala ya kodi.

Nimelisema hili miaka mingi, na maofisini jibu halibadiliki: hakuna kifungu cha bajeti. Kwa heshima zote, sikuomba fedha.

Wapo wanaotaka mtoa saa apewe nafasi ya mbele kwenye foleni ya Kituo cha Afya cha Kisugu. Napinga. Ada ziliondolewa katika vituo vya serikali mwaka 2001 ili maskini asizuiwe mlangoni. Foleni ikinunuliwa kwa saa, mgonjwa asiye na nguvu za kushika koleo ndiye atakayebaki nyuma. Hiyo ni hongo yenye daftari.

Ofisi ina vingine vya kulipia: ukumbi baada ya kazi, koleo na toroli za kuazima, mafunzo, barua inayotaja saa alizotoa kijana anayetafuta ajira. Zaidi ya yote, ina saa za watumishi wake. Mhandisi wa mji aje akae na wakazi kwenye mtaro uleule waliouzibua. Saa yake ni sawa na zao.

Kwa hiyo napendekeza saa zinazotolewa kwa Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, ziandikwe, nakala moja ibaki kwa wakazi. Deni lilipwe kwa mafunzo, vifaa na saa za watumishi, kabla mwaka wa fedha haujaisha. Matibabu yasiguswe. VHT waanze kuandikiwa kabla ya wengine wote. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, asishike daftari la saa peke yake. Tena, najua narudia: saa ziandikwe. Kazi ya kujitolea isiitishwe mtaani kabla ofisi haijasema italipa nini.

Naomba wawakilishi wa Divisheni yetu ya Makindye waseme leo, kabla hatujatawanyika, nani atalishika daftari hilo upande wao.